Kodi ya Nyumba ya Pili

Mimi sikusoma. Skuli niliishia darasa la nne, na waliosoma leo wananipigia simu kuniomba kazi. Nilianza kubeba marumaru Rusayl, kwenye viwanda vya huku Omani, kwa mgongo wangu huu, nikamaliza na karakana yangu mwenyewe. Nyumba yangu ya Hail, hapa Maskati, ina vyumba kumi na kimoja, na kila jiwe la sakafuni nimelichagua mimi. Nayasema haya kwa sababu pasipo haya msomaji hatoelewa namna nilivyoangushwa na swali moja dogo.

Mke wangu anakaa Uingereza. Alikwenda na watoto wakasome, watoto wakaoa na kuolewa, yeye akabaki. Tuna nyumba nyembamba huko, ya ghorofa, kwa majina yetu sote wawili. Mimi nilikuwa naenda mwezi mmoja kwa mwaka, nakula, nasifiwa, narudi zangu. Kisha akapatwa na kiharusi. Mguu wa kushoto ukakataa ngazi, na choo kiko juu. Binti yetu akatafuta mpaka akapata nyumba ya chini, isiyo na ngazi, mtaa wa pili tu, na ile ya zamani ikapata mnunuzi.

Mwanasheria wetu, mwanamke mzaliwa wa Mombasa, alipiga simu siku ambayo nina wageni kwenye chumba cha majlisi. Nikaiachia sauti, wasikie kama nanunua nyumba Ulaya. Mke wangu naye alikuwa kwenye simu hiyo hiyo. Mwanasheria akaeleza: huko, mtu akinunua nyumba naye anayo nyengine, popote duniani, kodi ya ununuzi huongezwa, tena nyongeza nzito. Husamehewa yule anayeuza nyumba aliyokuwa akiishi ili ahamie nyengine. Mkinunua mke na mume, basi nyote wawili muwe mlikuwa mkiishi pale.

"Sasa wewe, bwana, unaishi wapi hasa?"

Wageni wote wananitazama, vikombe mkononi. Mwanamume wa kwetu hasemi mbele ya watu kuwa anakaa kwa mkewe.

"Mimi nakaa kwangu, Hail. Huko naenda kama mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema shemeji yangu, kaka wa mke wangu. "Huyu jembe hata kulishika hajalishika." Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Mwanasheria hakucheka. "Basi nyongeza itabidi mlipe."

Ingekuwa nimesema uongo ningejuta uongo wangu. Nilisema kweli.

Wageni walipoondoka nikampigia mke wangu. Akasema, "Baba watoto, miaka yote nawaambia watu nna mume, ana safari tu. Kumbe hata serikali ya watu inajua kama hatukai pamoja."

Fedha yangu yote ilikuwa imezama kwenye mashine mpya za karakana. Mwanasheria akasema hata tukinunua kwa jina la mke peke yake, sheria humhesabu na mume; njia imebaki moja: siku ya kununua, nisiwe na nyumba nyengine. Niiuze Hail.

Nikamwita dalali wa nyumba wa mtaa wa Ansab. Alileta watu, wakanywa kahawa yangu, wakapapasa marumaru, wakenda zao.

"Sheikh, hii umejijengea wewe," akaniambia. "Majlisi tatu, jiko kama kabati. Familia gani itakaa humu? Shusha bei."

"Haishuki. Marumaru hii huipati Maskati nzima."

"Marumaru haipikiwi, sheikh."

Wiki tatu nilishikilia bei yangu, na mke wangu anapandishwa ngazi kwa kuburuzwa. Ya nne nikaishusha. Siku hiyo hiyo binti yangu akaniletea habari kwamba mwenye ile nyumba ya chini amechoka kungoja, ameshamuuzia mwengine. Nyengine mfano wake mtaani hapo haijatokea mpaka leo. Na yule mnunuzi wa nyumba yetu ya ghorofa ikabidi tumwambie basi.

Mke wangu sasa analala sebuleni, na ndoo kando yake. Yeye aliyekuwa hapokei mgeni kabla hajafukiza udi.

Juzi nilimwambia nnakuja, na safari hii nakuja kukaa moja kwa moja. Nilidhani atafurahi. Aliuliza tu, kwa upole, kama anavyoulizwa mtu baki:

"Utalala wapi? Hapa chini kitanda kimoja, na cha hospitali."