Ukurasa wa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ofisi aliweka vitabu viwili vya njia mezani. Kampuni yetu pale Sumbawanga ilikuwa inaongoza wageni kwa miguu kutoka Kate, kupitia uwanda wa juu wa Ufipa, hadi Mtowisa kule bondeni. "Chagua cha kuongozea," akaniambia. Nikachukua kinene, chenye picha za rangi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hicho cha kupambia sebule, binti yangu. Picha hazinyweki. Anza na ukurasa wa maji."

Ndivyo nilivyofundwa, vijana wangu. Mwandishi aliyepita masika huona vijito kila mahali. Mfuate Oktoba, utalamba mawe. Msimamizi wa kituo cha Kate, mama mkali kama pilipili, aliongeza lake: "Angalia kama huyo mwandishi aliupanda mteremko au aliushuka tu. Wengi hushuka wakiimba, wakarudi kwa gari."

Kitabu nilichokiamini miaka yote kilikuwa chembamba, jalada limechakaa kwa jasho langu. Kilitupitisha kwenye chemchemi chini ya mteremko, kabla ya joto la Mtowisa. Hapo ndipo nilipokutana na Kasiani, akinywesha ng'ombe. Aliwazuia wanyama wake ili nichote kwanza. Mimi huyo, nikaolewa. Hata baada ya kumzika, niliwapumzisha wageni pale muda mrefu kuliko walivyohitaji, na sababu sikuwaambia.

Sasa nimestaafu, niko Kizwite na kuku wangu. Majuzi Skola, kiongozi mpya wa wageni, alibisha hodi na vitabu viwili mkononi.

"Shikamoo bibi. Ofisini wanaomba utuchagulie. Kile ulichokuwa unatumia wewe, au hiki kipya?"

"Marahaba. Lete nione."

Moyoni nilishachagua changu. Lakini mazoea yana taabu, mkono ukafungua ukurasa wa maji. Kipya kilisema chemchemi ya chini ya mteremko imekauka, watu wazunguke kijijini kwenye kisima.

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona, bibi. Vumbi tupu."

Niliumia, sifichi. Halafu nikamsukumia kile kipya.

"Nendeni na hiki. Mgeni asife kiu kwa ajili ya mapenzi yangu."

"Na hiki cha zamani nikirudishe ofisini?"

"Kiache hapa, mjukuu wangu. Humu bado kuna maji."