Mpaka wa Chuma

Siku ile moshi wa mashamba ulipofunika njia ya Kabambare haijanitoka, mwanangu, na jana umenirudisha kule kule. Eti umeona chuma kwenye shamba lako jipya, utakichimba kizuie mlango! Nimechoka kusema, lakini keti.

Nilikuwa bibi arusi bado, wakati wa Wabelgiji. Mume wangu Ramazani na kaka yake Sudi walirithi shamba nje ya Kasongo, kando ya njia hiyo ya Kabambare, pale mizinga ilipopigwa katika vita vya Waarabu, kabla sijazaliwa. Jembe likizama, linagonga risasi ya mzinga ambayo haikulipuka. Na watu wetu, Mungu awasamehe, waliona ni nzito, haiozi, haichukuliwi na mvua, wakaisimika kuwa alama ya mpaka. Askari wa Bula Matari, ndiyo serikali ya Wabelgiji, walikuja wakaondoa ya kwetu. Hata vumbi lao halijatulia, ndugu wale wakaanza kugombania mpaka ulipopita, na Sudi akaenda porini akaleta nyingine.

Mama mkwe alipiga kelele, "Munaweka kifo katikati yenu juu ya muhogo?"

"Mama, hii chuma iko ya zamani," Sudi akacheka. "Ilishakufa."

"Mutu akikufa anaoza. Hii imeoza?"

Unadhani walimsikiliza? Walirudi kubishana kama isogezwe kidogo huku au kule. Kiangazi kilipoingia wakatia moto majani, kama kila mwaka. Moto ukaelekea mpakani, nao wote wawili wakakimbilia pale kuuzima, kila mmoja akilinda upande wake. Nilisikia mlio, kisha udongo ukaanguka kama mvua. Sudi tulimzika jioni ile. Ramazani alipona, lakini macho yalikwenda. Hina ya arusi ilikuwa bado mikononi mwangu nilipoanza kumwongoza njia, na nilimwongoza mpaka alipofariki.

Kwa hiyo nisikie. Chuma hicho usikiguse, usikichimbe, usiwashe moto karibu nacho. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama kwa mbali, waambie majirani, waite wanaojua kuondoa risasi za mizinga. Wakichelewa, na watachelewa, lima kwingine. Wakishaondoa, usilete nyingine, jamani!

Mungu akuhifadhie macho yako, uwaone wajukuu wako wakilima kwa amani. Siku ukipita shamba letu, utaona shimo katikati. Shimo hilo ndilo mpaka wenyewe siku hizi, na hakuna aliyeugombania tena.