Nilivyotakiwa Kutafsiri Ukimya wa Murray

Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Mteja wangu alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, kafunikwa mkeka kuanzia kichwani, mbele ya nyumba ya watu aliowaulia baba yao.

Mbele yake amesimama kijana mwenye panga.

Na mimi, mkalimani mwenye cheti, niko pembeni nasubiri mtu aseme kitu nikitafsiri.

Hakuna aliyesema.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Fuatino. Natafsiri Kiingereza na Kisamoa mahakamani, hospitalini, na popote ambapo watu wanagombana kwa lugha mbili. Kazi yangu ina sheria moja: huongezi, hupunguzi. Mtu akitukana, unatukana. Akisema upuuzi, unasema upuuzi, na unausema kwa ufasaha.

Murray Tulloch alikuwa msimamizi wa ujenzi wa daraja hapa Savaii, kisiwa cha Samoa. Ni mtu wa New Zealand, kusini kabisa, kule ambako nyumba ikiungua mwenyewe husema pana joto kidogo. Kumtafsiri Murray lazima kwanza ujue kipimo chake. "Si mbaya" ni sifa kubwa. "Si nzuri sana" ni maafa.

Jumatatu moja ya mvua, pikapu yake ilimgonga mzee Penitila, aliyekuwa anarudi kutoka shambani na vikapu vya taro, magimbi ya kwetu, begani. Mzee alifia palepale.

Polisi wakachukua maelezo, Murray akatoka kwa dhamana. Lakini mtoto mkubwa wa marehemu, Ropati, alisema wazi dukani, mbele ya watu: mzungu yule akionekana barabarani, harudi kwao mzima.

Hakuna aliyemwambia Ropati asiseme hivyo.

Ndipo msemaji wa kijiji, mzee Lauofo, akatuma ujumbe kwa kampuni ya ujenzi. Mleteni mtu wenu aje aseme neno mbele ya mjane. Na mje na mkalimani.

Zingatia hapo. Mkalimani aliombwa na kijiji. Mimi sikuzingatia.

Neno lenyewe liliandikwa na wakili wa kampuni, Denise, aliyekuwa Auckland. Lilikuwa fupi. Tukio lilitokea ambapo Bwana Penitila alipoteza maisha. Kampuni inasikitikia hasara yenu.

Kwa Kiingereza linapita vizuri tu. Nikakaa nalo mezani, matatizo yakaanza.

Walichoandika ni "incident", yaani tukio. Mwingereza akivunja glasi ni incident. Watu wakipigana risasi ni incident. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayelifanya. Linakuja lenyewe kama mvua.

Halafu "loss", ile hasara. Kwa Kiingereza mtu hupoteza funguo, hupoteza mechi, hupoteza mume, na neno ni lilelile.

Lakini lililoninyima raha ni "regret". Hilo anaweza kulisema aliyeua, na linaweza kusemwa na shirika la ndege lililochelewesha safari. Ni neno la mtu aliyesogea nyuma kidogo asichafuke viatu.

Nikampigia Denise.

"Hii regret niiweke wapi? Nina neno la kusikitika na nina neno la kuomba radhi. Katikati sina kitu."

"Weka kusikitika."

"Anayesikitika bila kuomba radhi, kwetu ni mpita njia."

"Basi awe mpita njia," akasema. "Dada, nisikilize. Akiomba radhi, amekiri. Akikiri, bima inatukimbia. Usiniongezee neno."

"Huwa siongezi."

"Ndiyo maana nimekuchukua wewe."

Nilichukulia hiyo kuwa sifa.

Siku ya kikao tukakaa chini, kwenye nyumba yao iliyo wazi pande zote. Murray alishindwa kukunja miguu. Mtu mmoja akamfunika miguu kwa mkeka ili asiwe ameielekeza kwa wakubwa. Mjane, Mama Malaea, alikaa kwenye nguzo ya mbali, mikono mapajani, macho chini. Ropati nyuma yake.

Murray akasoma sentensi ya kwanza. Nikatafsiri. Nilitafsiri sawasawa, hilo nalisema bila kona.

Mzee Lauofo akatikisa kichwa taratibu.

"Tukio lilitokea."

"Ndiyo, mzee."

"Lenyewe?"

Nikamgeukia Murray nikamtafsiria swali. Akaitazama karatasi kana kwamba jibu limeandikwa nyuma.

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa," akasema.

Nikatafsiri.

Akasoma ya pili, kwamba kampuni inasikitika. Lauofo akaniuliza, "Muulize, anasikitika kama nani? Kama jirani aliyesikia, au kama nani?"

Murray alikuwa anatoka jasho. "Kama kampuni."

"Kumbe kampuni ndiyo iliyoshika usukani," akasema Ropati kule nyuma. "Na sisi tulidhani ina ofisi tu."

"Kijana," akasema Lauofo, bila kugeuka.

"Nimenyamaza, mzee. Nilikuwa naisalimia kampuni."

Lauofo akanitazama tena. "Binti, muulize kama kuna kingine."

Nikamuuliza. Murray akafungua mdomo. Akaufunga. Akaikunja karatasi.

"Hakuna kingine," nikatafsiri, ingawa hakusema chochote. Hapo ndipo pekee nilipoongeza.

Wakatuletea koko, kinywaji cha kakao ya moto, kikombe kimoja kimoja. Chakula, anachopewa mgeni aliyekubaliwa, hakikuja.

Kwenye gari Murray akauliza, "Imekwendaje?"

"Wametupa koko bila chakula."

"Si nzuri sana?"

"Kwa kipimo chako, ndiyo. Si nzuri sana."

Akaendesha kwa mwendo wa mtu anayesukuma toroli. Tangu ajali alikuwa anaendesha hivyo. Tulipofika darajani akazima injini.

"Nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu," akasema. "Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika mbele ya gari."

"Denise anajua?"

"Nilimwambia. Akaniambia nisimwambie tena."

Nikamuuliza analala vipi. Akasema kidogo anahangaika. Nikaitafsiri kichwani: mtu huyu halali kabisa.

"Kwenu mtu angesemaje?" akauliza.

"Hasemi. Anakwenda na watu wake kabla jua halijatoka, anapiga magoti nje ya nyumba ya wafiwa, anafunikwa mkeka mzuri wa ukoo. Anakaa hapo. Wenye nyumba wakiutoa mkeka, wamesamehe."

"Wasipoutoa?"

"Wanaweza kumwacha juani. Wanaweza kumpiga mawe. Yote mawili yameshatokea."

"Mimi sina watu hapa," akasema. "Na sina mkeka."

Kuhusu hilo, kanuni za kazi yangu hazisemi lolote. Nilimpeleka tu kwa Mama Sinapi, mwenye nyumba wake, nikamweleza yule mama tuliyozungumza, neno kwa neno.

Mama Sinapi ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, magoti yake yote mawili ni mabovu. Alinisikiliza, akamtazama mpangaji wake juu mpaka chini.

"Miaka miwili unakula samaki wangu," akasema, "halafu unasema huna watu."

Akaingia ndani akatoka na mkeka uliosukwa laini kama kitambaa, uliokuwa wa arusi ya mama yake.

Ndiyo tukafika pale nilipoanzia.

Murray kwenye kokoto. Mama Sinapi kapiga magoti ubavuni kwake, nusu yake chini ya mkeka, maana haukuwatosha wote. Ropati akatoka kwanza, na lile panga. Hakulinyanyua. Hakuliweka chini pia.

"Mama Sinapi, toka hapo."

"Nikitoka nani ataninyanyua? Magoti yangu unayajua."

"Namtaka mzungu."

"Huyu ni wa kwangu. Ukitaka kumpiga anzia upande huu, ndio ulio karibu na wewe."

Ropati akabaki amesimama. Majirani wakaanza kujitokeza vibarazani. Mzee Lauofo akaja, akakaa kwenye jiwe kama mtu anayesubiri basi. Jua likapanda. Kokoto zikaanza kupata moto, na chini ya mkeka nilisikia mtu mzima anahema.

Hatimaye Mama Malaea akatoka. Akapita mbele ya mwanawe, akasimama hatua chache kutoka kwenye mkeka. Akanitazama mimi.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama."

"Mkalimani ni wewe. Anasema nini?"

Nimesomea kazi hii chuoni. Hakuna somo la kutafsiri mtu aliyenyamaza.

"Hasemi kitu," nikarudia, "na wala hana karatasi."

Akabaki amesimama. Ndipo sauti ikatoka chini ya mkeka, kwa Kiingereza kinachokwama.

"Nilikuwa natazama simu. Nilimwona nikiwa nimeshachelewa. Mimi ndiye niliyemuua. Nisamehe."

Nikavuta pumzi nitafsiri. Nilikuwa na neno tayari kwa kila neno, hakuna lililonisumbua.

Mama Malaea akainua kiganja.

"Acha, binti. Nimeelewa."

Akainama, akashika ncha ya mkeka. Ropati akasema, "Mama." Mama yake akauvuta mkeka, akamtazama mtu mwekundu, mwenye kokoto zilizonasa magotini, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu:

"Jina lake lilikuwa Penitila. Hakuwa tukio. Simama, umwinue na huyu mama, halafu mje mle."

Ropati akatupa panga kwenye nyasi. Akaondoka kuelekea pwani na hakurudi kula. Nasema ilivyokuwa, siremba.

Wengine tulikula. Samaki, taro, na nyama ya kopo. Nilikaa karibu na Mama Malaea.

"Mama, Kiingereza umekisomea wapi?"

"Nimekuwa muuguzi Auckland miaka ishirini na zaidi. Barua za regret nimewapelekea wagonjwa kwa mkono huu. Hiyo regret naijua vizuri. Ikija, ujue aliyekosea hakuja nayo."

Nikamgeukia mzee Lauofo. "Na wewe, mzee?"

"Mimi nilikuwa karani bandarini Wellington," akasema, akichambua samaki. "Ropati mwenyewe amezaliwa kule. Ile karatasi yenu tuliielewa kabla hujafungua mdomo."

"Sasa mimi mliniitia nini?"

Akamaliza kwanza kutoa mwiba.

"Mtu akisema neno likatufikia moja kwa moja, limeshafika. Halirudi. Ila likipitia kwako, kuna kipindi pale katikati, wewe unahangaika kutafuta maneno, yeye amekaa anajisikia alichosema. Tulitaka awe nacho hicho kipindi. Kila sentensi tulimpa nafasi ya kuirudisha."

"Hakuirudisha."

"Siku ile, hapana. Koko tulimpa hata hivyo, ili ajue mlango haujafungwa."

Miaka yote ile nilidhani kazi yangu ni maneno. Kumbe waliniita kwa sababu ya zile sekunde ninazotumia kuyatafuta.

Jioni Denise akapiga simu.

"Niambie hakuomba radhi."

"Aliomba."

"Uliitafsirije?"

"Sikuitafsiri. Haikuhitajika."

Nilisikia anaketi.

Murray alikiri mahakamani pia, na jaji aliupima ule mkeka alipotoa adhabu, maana sheria yetu inaruhusu. Alifungwa muda mfupi. Kampuni ikamwachisha kazi. Aliponiaga aliniambia kwamba mambo, kwa jumla, si mabaya. Nikalipima kwa kipimo chake, nikafurahi.

Sheria yangu sijaibadilisha: siongezi, sipunguzi. Ila sasa mtu akiniletea karatasi ya kuwasomea wafiwa, kabla sijaitafsiri namketisha, namsomea mwenyewe kwa sauti, kwa lugha yake, polepole. Halafu nanyamaza.

Wengi huomba kalamu.

Nawe ukipata siku ya kuandika kwamba tukio lilitokea, kabla hujatuma, jiulize nani alikuwa anaendesha. Kama ni wewe, andika hivyo. Neno hilo halijawahi kumshinda mkalimani yeyote.