Nilimrudishia Nyar Kendu Uozo Ambao Haukuwa Wake

Siku Nyar Kendu anafunga godoro lake kwa bodaboda, mimi nilisimama kwa ua nimekunja mikono. Watu walikuwa wamejaa. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mchawi aende! Jajuok arudi kwao!" Watoto kwa wakubwa wakashangilia. Yeye akakaza kamba, akapanda.

Na mikono hiyo niliyokunja ndiyo ilibeba uozo mpaka kwa shamba lake. Mimi ndio mwenye makosa. Nimeficha hii maneno tangu mvua ya mwaka jana, na imenikula.

Tulikuwa majirani huku nje ya Rangwe, wote wajane, mashamba yetu yanagusa mto mmoja. Tulimwita Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu, kwa sababu amezaliwa Kendu Bay. Tuliazimana mpaka chumvi.

Kabeji zangu zilinona hiyo mvua! Siku moja akapita, akasimama, akacheka: "Nyathiwa, ndugu yangu, hizi unalisha nini, uji? Mpaka zinanitisha!" Tukacheka wote.

Wiki haijaisha, nikashika kabeji, kichwa kikang'oka mkononi kama kofia. Chini hakuna shina, ni makamasi. Na harufu yake, wewe! Kama panya amekufa ndani ya sufuria. Nje kijani, ndani ujiuji.

Nikakimbia kwa Ochieng, mwenye agroveti, duka la dawa za shamba, hapo sokoni. Hakuja kuona shamba. Hata hakuuliza nimepalilia namna gani. Akanipa unga wa kupuliza. Nikapuliza, uozo ukaenda mbele. Nikarudi, akanipa ya chupa. Ukazidi! Mara ya tatu akainama juu ya kaunta, akashusha sauti.

"Mama, dawa yangu haijawahi kukataa. Ikikataa, basi hiyo si ugonjwa. Nani mwenye jicho baya alisimama kwa shamba lako akasifu?"

Eh! Nikakumbuka kile kicheko.

Kuanzia hapo, Nyar Kendu akinisalimu, nasema ananichunguza. Akinyamaza, nasema anajua kitu. Akaniletea omena, wale dagaa wa ziwa, nikawapa kuku, nikakaa chini niangalie kama watakufa. Hawakufa. Hiyo pia nikashuku!

Huku kwetu wengi tunaamini kitu kibaya ulichotumiwa, ukikirudisha kwa aliyetuma, kinakuacha. Nyar Kendu ni Msabato. Jumamosi akiwa kanisani, nikajaza gunia kabeji zilizooza, nikazifukia chini ya nyasi alizotandaza kwa mboga zake. Panga iliyokuwa na yale makamasi nikaitumia kukwaruza mashina yake, mstari kwa mstari. Mchana kweupe!

Zake zikaoza zote. Nikapiga kelele: "Mnaona? Imerudi kwa mwenyewe!" Huo ndio ushahidi nilipelekea shemeji zake. Nao walikuwa wanangoja sababu tu. Wakamtoa kwa boma ya marehemu mume wake.

Baadaye afisa wa kilimo akaja kwa baraza ya chifu, akapasua kabeji mbovu mbele yetu. Akasema ni bakteria, vidudu ambavyo jicho halioni. Vinaingia pale jembe limekata shina, vinapenda maji, vinasafiri kwa panga na kwa mabaki. Hakuna cha kupuliza kinaponya kabeji iliyooza. Unang'oa, unatoa shambani, unaosha panga, msimu unaofuata unapanda mahindi hapo.

Nikakumbuka nilivyopalilia baada ya mvua, jembe likigonga mashina. Nikauliza, "Na mtu akitupa hizo mbovu kwa shamba la mwenzake?"

"Huyo amempandia ugonjwa kwa mkono wake, mama."

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia ndala zangu.

Nilienda Kendu Bay. Nilimkuta anakaanga mandazi kwa mlango wa dada yake. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: gunia, nyasi, panga. Hakulia. Akageuza mandazi.

"Uliniita jajuok mbele ya kijiji," akasema. "Msamaha unaniomba mbele ya karai?"

Ndiyo maana naandika. Nyar Kendu hakuwa mchawi! Mchafu nilikuwa mimi.

Wewe mwenye shamba, mboga ikioza, kwanza angalia jembe lako, panga lako na maji yako, kabla hujaangalia jirani. Na mtu wa dukani akikuuliza nani amekusifu, toka mbio!

Lakini sijamaliza. Lile shamba la Nyar Kendu la kando ya mto, shemeji zake wamelikodisha. Limechukuliwa na nani? Ochieng! Hapo mtoni kila mtu hupanda mboga. Yeye amepanda mahindi. Na alipanda kabla afisa hajakanyaga kwa chifu!

Sasa Ochieng, uliniambia si ugonjwa. Nani alikuambia upande mahindi hapo? Ulijua tangu siku ya kwanza? Mimi nimesema yangu. Toka nyuma ya hiyo kaunta, usimame mbele ya wale wale waliomshangilia akienda, umjibu Nyar Kendu.