Maharagwe Juu ya Kioo cha Saa

Hapana, si macho. Na si magoti. Macho yangu bado yanaona mbuzi ya jirani ikija kwenye muhogo wangu kabla mbuzi yenyewe haijaamua. Mimi niliacha kazi kwa sababu ya neno moja, niliambiwa na mtoto wa darasa la tano mbele ya mama yake. Neno hilo nitawapa, lakini si sasa. Nyinyi wasichana mnaoanza kazi ya kukaa na watoto wa watu mna haraka sana. Kaeni kwanza mjue kazi ilikuwa namna gani.

Jina langu Nabwire, nimezaliwa Masinya. Mjukuu ndiye anaandika haya, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Na kazi yangu yote ilikuwa kukaa na watoto jioni, kutoka shule inafungwa mpaka jua linazama, wafanye homuwaki, wajue saa. Ndiyo, mimi. Cheka umalize, tuendelee.

Siku ya kwanza ilikuwa kwa Hajati, Busia mjini. Hajati alikuwa na malori ya kupeleka mizigo, na sauti yake ilitokea puani kama mtu aliyepita kwa samaki wa jana. "Nabwiiire. Sikiliza. Saa kumi kamili watoto wakae na vitabu. Saa kumi na moja wafunge. Si kabla, si baada. Mimi nakwenda Malaba kuangalia malori yangu." Akapanda gari, akaenda.

Nikabaki na watoto watatu na saa ya ukutani, kubwa kama sahani ya pilau. Nikaiangalia. Na yenyewe ikaniangalia. Kumwambia Hajati sijui saa, sikuthubutu. Kazi nilikuwa naitaka. Nikasema, mimi na mwadhini tunajuana. Akiadhini alasiri nitawakalisha, akiadhini tena nitawafungia. Kumbe kati ya alasiri na magharibi kuna nafasi ya kulima shamba, kupanda, na kupumzika! Watoto walisoma, wakasoma, mpaka mdogo akalala juu ya daftari na hesabu zikahamia shavuni.

Hajati akarudi, akasimama mlangoni. "Nabwire, nilikuachia watoto au wafungwa?"

"Hajati, saa imekwisha betri."

Akainua macho ukutani. Ile saa, mchawi kabisa, ikatembea: ti, ti, ti.

"Nabwire. Wewe hujui saa."

"Sijui, Hajati."

Nilikuwa nimeshaanza kufunga leso yangu niende zangu. Lakini Hajati alitoa saa ukutani, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka kama mtu anayetaka kuchambua mchele. "Kaa hapa. Huu mshale mfupi ni lori langu, liko kwenye foleni pale Malaba. Huu mrefu ni boda. Boda inazunguka mji wote, inarudi ilikotoka, na lori limesogea nafasi moja tu. Umeelewa?"

"Hiyo naelewa, Hajati."

Nani asingeelewa? Siku hizo boda ilikuwa baiskeli yenye mto nyuma, lakini hata na baiskeli ungeweza kwenda mpakani, ukarudi, ukaenda tena, na ukamkuta dereva wa lori amekaa palepale anakula chapati yake. Hajati akasema, "Boda ikiwa juu hapa, saa imetimia. Ikiwa chini kabisa, nusu. Kila namba ni dakika tano. Lori linakwambia saa gani, boda inakwambia imebaki kiasi gani." Jioni moja tu nikajua saa. Baadaye nilikutana na walimu wenye vyeti vya kujaza sanduku, na hakuna hata mmoja aliyemfikia yule mama wa malori.

Nilikaa pale mpaka yule wa shavu la hesabu akaenda kusoma bweni. Siku ya kuagana Hajati akanipa ile saa. "Chukua. Mlianza vibaya, lakini sasa ni ndugu."

Kazi ya pili ilikuwa Kwapa, kwa hedimasta wa shule moja huko mashambani. Hajati ndiye aliyemwambia habari zangu. Huyu alikuwa mrefu, na kila sentensi lazima aikohoe kwanza ndiyo itoke. "Khm. Nyabo Nabwire. Hapa tunafuata, khm, ratiba." Nyabo ni mama, kwa heshima. Ratiba ni karatasi ya ukutani inayosema kila mtu afanye nini saa ngapi. Nzuri sana. Tatizo lilikuwa chai ya hedimasta, haikuwa na mwisho kwenye karatasi yoyote. Kazi yangu ilikuwa kugonga kengele, yaani ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inia kwa mnyororo, na madarasa yakiisha nibaki na watoto saa moja ya homuwaki kabla hawajaenda kufungua ng'ombe.

Huko ndiko watoto walianza kuniita jaja, yaani bibi, na huko nilikuta mtoto analia kwa sababu aliulizwa kwenye homuwaki anaamka saa ngapi, akaandika moja, mwalimu akamwekea kosa jekundu, akasema ni saba. "Jaja, mama anasema tunaamka saa moja! Mama ni mwongo?" Mama si mwongo, na mwalimu pia si mwongo. Nikashusha saa yangu. "Tazama lori. Lina kichwa na lina mkia. Mwalimu anasoma kwa Kizungu, anaangalia kichwa kiko wapi. Mama yako anaangalia mkia." Kichwa kikiwa kwa saba, mkia unatazama moja. Jaribuni nyumbani, haikosi hata namba moja.

Hedimasta alikuwa anapita. Akasimama, akakunja mkono wa shati, akaigeuza saa yake ya mkononi huku na huku. "Khm. Nyabo, hii uliisoma wapi?"

"Kwenye saa, Hedimasta."

Lakini sasa hapa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi yenyewe iko. Kusoma saa ni kitu kimoja. Kujua saa inakula nini ni kitu kingine. Watoto wa Kwapa walisoma saa kama maji. Ukiwauliza, hii homuwaki itachukua muda gani? "Kidogo, jaja." Hesabu kumi, kidogo. Kuandika barua, kidogo. Kila kitu kidogo, halafu giza linaingia na daftari halina kitu.

Siku moja nilikuwa nachagua maharagwe huku nawaangalia. Nikachukua punje moja, nikaipaka posho ya moto, ule ugali wetu unaonata, nikamwambia mmoja, "Bandika hapa kwenye kioo, mahali boda itakuwa imefika ukimaliza." Akabandika karibu na juu kabisa, dakika tano. Boda ikatembea, ikafika kwa haragwe, ikapita, ikaenda zake. Mtoto bado anachonga penseli. "Jaja, imenikanyaga!" Wote wakataka. Mwenye haragwe jekundu, mwenye jeusi, mwenye la madoadoa. Sikupiga mtoto, sikupiga kelele. Muhula ulipokaribia kuisha, maharagwe yalikuwa yameteremka yenyewe, kila moja mahali pake pa haki, na watoto walikuwa wanafunga vitabu boda ikiwagusa. Hedimasta alikuja akatazama. "Khm. Saa yako inaota maharagwe, nyabo." Akaenda kunywa chai.

Nilipochoka na umbali wa Kwapa nikarudi Busia, nikatundika saa kwenye baraza yangu mwenyewe. Wamama wa sokoni wakaleta watoto. Na huko ndiko aliletwa Ajambo.

Huyo alikuja na mwalimu wake wa darasa la tano, kijana wa watu, anaongea polepole kama anasoma tangazo la msiba. "Jaja, Ajambo hajaleta homuwaki wiki tatu. Nimeongea na hedimasta wetu. Amempa wiki mbili. Ijumaa ya pili nikifungua daftari nikakuta pengo, anarudi darasa la nne."

Mama Ajambo alikuwa hapohapo na beseni lake la kuuzia nyanya. Huyo mama hana sauti ya nyumbani, ana ya sokoni tu. Hata akikupa pole ni kama anakuuzia. "Akirudi la nne, harudi shule! Naapa! Atabaki na mimi kwa nyanya! Nyanya haina la nne!"

Na hakuwa anatania. Nilimwona usoni. Mkubwa wa Ajambo alirudishwa darasa hivyohivyo, na mpaka leo anasukuma mkokoteni pale mpakani.

Ajambo hakuwa mjinga. Alikuwa anatoka shule moja kwa moja kwa mama, anawekewa beseni kichwani, wanavuka kuuza upande wa Kenya, maana jioni ndiyo wateja, anarudi amechoka mpaka kope. Nikasema, "Mama Ajambo, nipe boda moja. Kutoka saa kumi mpaka saa kumi na moja."

"Boda moja, nyanya inalia!"

"Iache ilie. Boda ikifika juu, chukua mtoto yako, hata kama kalamu iko hewani."

Akakubali. Lakini kila siku alikuja mwenyewe na kutazama saa yangu. Simu yake ya tochi ilikuwa inapoteza saa kila betri ikitikisika, na betri ilitikisika kila aliposema "nyanya." "Mimi naamini hii ya ukutani," alisema. "Hii haina ujanja."

Siku ya kwanza Ajambo alibandika haragwe kwa mbili. Dakika kumi, hesabu tano. Mama alipofika, hesabu zilikuwa tatu na mtoto ana machozi. Siku ya pili akabandika kwa sita, ikamkanyaga. Siku ya tatu nikamwona, kabla ya kugusa haragwe, amefungua daftari anahesabu kwa vidole. "Jaja, ya kugawanya inakula dakika kumi. Ya kujumlisha tano. Kusoma kifungu na kujibu, robo." Anaongea kama mama yake anavyopanga mafungu ya nyanya. Ikifika nusu anasimama, anakunywa maji, anarudi. Hiyo ni sheria yangu, kichwa cha mtoto si injini ya lori. Wiki ilipokwisha, boda na haragwe walikuwa wanabusiana.

Sasa mimi nimestaafu. Nakaa kwenye baraza hiyohiyo, saa iko ukutani, posho ya zamani bado imeganda pembeni ya kioo, sitaki iondolewe. Watoto wengi wamepita chini ya ile saa, wengine wana watoto wao, wananiita barabarani, "Jaja, boda iko wapi?" Najivunia, kwa nini nisijivunie? Sijui kusoma hata jina langu na nimepitisha watu mitihani. Ajambo mwenyewe yuko darasa la saba, kwa hivyo msishike roho. Kama mnataka ushauri, ni huu: mtoto akikosea kukisia, mwache akosee, haragwe litamwambia. Usiende kumsaidia haragwe. Mimi hilo nililijua miaka yote, nikalisahau siku moja.

Ilikuwa Alhamisi, kesho yake ni ile Ijumaa ya mwalimu. Homuwaki ilikuja kubwa: za kugawanya tatu, za kujumlisha mbili, na kifungu cha kusoma. Ajambo akahesabu vidole, akabandika haragwe kwa kumi na moja. Dakika hamsini na tano. Nikaona zimebaki dakika tano tu kabla ya mama. Akikwama kwa hesabu moja tu? Nikaona beseni. Nikaona mkokoteni.

Boda ilipofika chini, nusu, Ajambo akaenda kwa mtungi kunywa maji. Mimi nikapanda kwenye kigoda, mwanamke mzima na nywele nyeupe, nikairudisha boda kwa kidole mpaka kwa tatu. Dakika kumi na tano nikamwibia mama wa watu. Nikashuka, nikashika ufagio, nikafagia mahali palipokuwa pasafi.

Ajambo akarudi, akaandika. Baadaye akafunga daftari, akainua macho kwa saa. Boda ilikuwa kwa nane, haragwe liko kule kumi na moja. Mtoto mwingine angepiga kelele za furaha kwamba ameshinda. Huyu alikunja uso. Akafungua daftari tena, akahesabu vidole, kumi, kumi, kumi, tano, tano, robo. Akatazama saa. Halafu akanitazama mimi na ufagio wangu.

Mama yake akatokea na beseni, anahema. Akatazama ukutani. "Aa! Kumbe bado robo! Na mimi nimekimbia namna hii! Basi nakaa."

Akaweka beseni chini. Ajambo akasimama, akaiingiza kalamu kwenye mfuko, akainua upande mmoja wa beseni.

"Mama, usikae, ni saa kumi na moja. Jaja, saa yako inadanganya, na mimi nilishamaliza."