Alama za Kamba

Mimi sikai. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka, nimekwenda mlangoni, nimerudi, nimeangalia chai ambayo haijachemka. Mke wangu husema nina siafu matakoni. Si siafu, ni watu. Nikijua tu kuna mtu anakuja kwetu, hata jirani wa kuomba chumvi, tumbo linanikata, viganja vinalowa, na mdomo unakauka kama nimebwia unga wa muhogo.

Nilizaliwa hivyo, kwetu Nambambo, Nachingwea. Watu wazima waliita haya. Walinisifia, maana mtoto mwenye haya ni mtoto aliyelelewa. Haya gani! Mwenye haya huinamisha uso akaamkia. Mimi wageni wakipiga hodi nilikuwa natorokea dirishani. Shuleni mwalimu aliponisimamisha nisome, herufi niliziona vizuri, sauti haikutoka, fimbo zikatoka. Darasa la saba nimelimaliza bila kunyoosha kidole.

Aliyenisemea ni dada yangu mkubwa. Nikitumwa dukani, alikwenda yeye, sifa nikapewa mimi. Wakinitania, aliwatukana mpaka wakakimbia. Alikuwa na mdomo wa kutosha watu wawili, na bahati nzuri tulikuwa wawili.

Sasa mtu wa namna yangu alipataje kuwa mcheza ngoma wa kutazamwa na kijiji kizima?

Sisi ni Wamakonde ambao babu zetu walivuka Ruvuma, na kwetu kuna mdimu. Mdimu huvaa kinyago, mwili wote umefunikwa nguo, hauonekani hata ukucha. Yule wa mironjo hufungiwa miguuni miti mirefu, akitembea anachungulia juu ya mapaa. Watoto wakitoka jandoni, anakuja kucheza. Wanawake huambiwa kwamba yule si mtu, ni mzimu umetoka porini. Aliyemo ndani wanamjua wanaume tu, na mwanamume hathubutu kumtaja mbele ya mwanamke. Ukitaja, utalipa faini, na jina lako limeoza.

Mwenye midimu alikuwa mjomba, kaka yake mama. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Alikuwa mkulima wa korosho, mnusa ugoro, mtu wa kufoka hata msibani. Miaka ya tisini mwanzoni mcheza mironjo wake aliteguka nyonga, mjomba akaniangalia kuanzia chini mpaka juu, akasema, "Wewe una miguu mirefu na huna mdomo. Unafaa."

Nikapanda. Jamani! Nilipotazama watu kwa kupitia tundu la kinyago, wote wakiwa chini, wameinua nyuso, na hakuna hata mmoja anayeniona mimi, tumbo lilitulia. Lilikuwa halijawahi kutulia. Nikacheza. Nikakaa juu ya paa la nyumba ya mwenyekiti wa kijiji nikajipepea kama bwana mkubwa. Mimi, ambaye siwezi kuomba kiberiti dukani! Nilikuwa na furaha mpaka nikaona vibaya kushuka.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Korosho zikishauzwa, nafuatwa: jando la Nandagala, jando la Nkowe, kampeni, kupokea wakubwa kutoka mkoani. Miti niliifunga kwenye mkeka, nikaisafirisha kwa baiskeli alfajiri wanawake wasije wakaiona. Kamba za katani na mipira iliyochanwa zilinikata chini ya magoti mwaka hadi mwaka, mpaka miguu yote miwili ikabaki na alama nyeusi za kuzunguka, ngozi imekuwa ngumu kama ya ng'ombe.

Dada aliolewa Nkowe, upande wa Ruangwa. Nikicheza huko, anakaa mbele kabisa, anapiga vigelegele kuliko wote. Nilikuwa namhurumia kule juu. Maskini dada, nikisema moyoni, hajui anamshangilia nani.

Katikati ya miaka ya elfu mbili akaanza kuvimba. Asubuhi uso, jioni miguu. Wengine wakasema mimba, wengine wakasema amekanyaga dawa ya watu shambani. Mwenyewe akaficha, anajifunga kanga mpaka chini, analima ufuta. Mficha maradhi kifo humuumbua, alizimia akichota maji kisimani. Hospitali ya wilaya wakakuta presha imepanda vibaya, wakampeleka mbele, na mbele wakampeleka Dar es Salaam. Huko wakasema figo zote mbili zimekufa. Ataishi kwa kusafishwa damu na mashine, na mashine haimngojei mtu milele. Dawa yake iko India: serikali itampeleka, lakini apatikane ndugu wa kumpa figo moja.

Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, alipoambiwa mtoto anahitaji figo alisikia figa. Akainuka kwenda jikoni. "Apewe hata yote matatu," akasema, "mimi nitapikia kwa jirani." Tulicheka huku tunalia. Alipoeleweshwa kwamba hilo jiwe lenyewe limo ndani ya mtu, akakaa chini pale pale.

Tukapimwa ndugu. Damu ya mjomba ilikubali lakini presha yake ikakataa. Yangu mimi ikakubali kila kitu. Nilifurahi, kweli nilifurahi, na usingizi ukanikimbia hapo hapo. Si kwa sababu ya kisu. Kisu unalazwa, hujitambui, wanafanya kazi yao. Nilichoogopa ni kikao. Tuliambiwa kila anayetoa kiungo lazima akae mbele ya madaktari na kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anatoa kwa hiari, hakununuliwa wala hakulazimishwa. Asiposema, hakuna safari. Yaani uhai wa dada yangu uliwekwa juu ya ulimi wangu, kiungo kibovu kuliko vyote nilivyonavyo.

Mjomba alinisindikiza mpaka Dar. Tukiwa nje ya kile chumba, akanivuta kando. "Watakuuliza mengi humo. La porini liache porini." Nikaitikia. Kuitikia kwa kichwa ndiyo lugha yangu.

Ndani walikuwa madaktari kadhaa, na aliyekaa kiti cha mbele alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imeshuka puani.

"Karibu, mwanangu. Habari za Nachingwea?"

Nikafungua mdomo. Hewa tupu.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Unatoa figo kwa hiari yako?"

Nikatikisa tena.

"Nataka nisikie sauti yako."

Sauti! Angetaka damu ningempa ndoo. Jasho lilinishuka mgongoni, mguu ukaanza kudunda sakafuni wenyewe, nami nikiushika unadunda zaidi. Suruali ilikuwa fupi, ya kuazima, ikapanda. Yule mama akaacha kunitazama uso. Akatazama chini.

"Pandisha suruali kidogo."

Nikapandisha.

"Nani amekufunga kamba?"

Hapo ndipo nilipoelewa anachofikiri, na moyo ukanipasuka. Nikajikaza, nikanong'ona, "Hakuna mtu."

"Zimejifunga zenyewe? Kazi yako nini?"

"Mkulima."

"Mkulima anayefungwa kamba miguu yote miwili?" Akamgeukia mwenzake, akasema taratibu, lakini nilisikia: "Huyu ameletwa. Mimi simpasui mtu aliyefungwa kamba."

Siku ile nilimchukia. Leo namsifu, maana alikuwa ananilinda mimi, mtu asiyenijua. Lakini wakati ule niliona mlango wa India unafungwa na mimi nimekaa nautazama. Nitaje mdimu? Mwanamke yuko mbele yangu, na mjomba yuko nyuma ya ukuta. Ninyamaze? Dada anakufa.

"Mleteni mgonjwa," akasema.

Wakamleta kwenye kiti cha magurudumu, uso umejaa, shingo imebaki uzi. Yule mama akamwonyesha miguu yangu. "Ndugu yako ana alama za kamba. Sema usiogope. Nani anamfunga?"

Dada akatazama miguu. Akanitazama mimi. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kumtukana mtu kabla hajamtukana.

"Anajifunga mwenyewe, daktari. Huyu ndiye mdimu."

Akawaeleza yote, mironjo, kinyago, mapaa, hakubakiza. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo gulioni. Na katika kuvuliwa huko, sauti ikanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Ulijua?"

"Ala! Nimekubeba mgongoni, nisiijue miguu yako? Toka siku ya kwanza. Tunajua wote, mdogo wangu, wanawake wote. Mnatuambia mzimu, tunaitikia mzimu. Tungefanyaje, tuwaharibie ngoma?"

Loo! Miaka yote ile. Vile vigelegele vyote vilikuwa vyangu, kwa jina langu. Watu walikuwa wananiona siku zote, na sikufa.

Madaktari wakacheka, hata yule mama akavua miwani akafuta macho. Kisha akawa mzito. "Sasa sikiliza. Ukitoa figo utabaki na moja. Ukianguka kutoka juu namna hiyo ukaiumiza, umekwisha. Ukitoa, mironjo basi. Maisha yako yote."

Dada akaacha kucheka. "Basi sitaki," akasema.

"Mama..." daktari akaanza.

"Sitaki. Daktari, wewe humjui huyu. Chini hapa hawezi hata kuomba maji ya kunywa. Huko juu ndiko anakoishi. Mkimshusha mmemzika, na aliyemzika ni mimi. Nirudisheni wodini." Akaanza kusukuma magurudumu kwa mikono yake, hana nguvu, kiti kinazunguka pale pale.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikaanza kwa Kimakonde, kwa ukali ambao sijawahi kuutumia kwa mtu mkubwa kwangu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili yule mama asikie kila neno.

"Dada, nyamaza! Toka utoto unanisemea. Leo nasema mwenyewe. Sikununuliwa. Sikufungwa. Ni figo yangu na nataka nikupe, kwa sababu nataka uishi. Wewe ukifa, nipande mironjo nikatazame nini huko juu? Kaburi lako?"

Sauti ilikwaruza kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Lakini ilisikika. Dada akajifunika kanga usoni. Yule mama akavaa miwani yake.

"Nimekusikia," akasema. "Sasa nimekusikia."

Mjomba, kule nje, ukuta ulimpitishia jina la mdimu tu, mengine hakuyashika. Alinitoza faini ya kuku kwa mdimu kutajwa mbele ya wanawake, ingawa aliyetaja si mimi, na kuku huyo tuliporudi alimla yeye. Sikumwambia kwamba wanawake wote wanajua. Mzee angekufa.

Ya India sitayapigia hadithi ndefu. Nilizinduka na maumivu ubavuni kama nimepigwa mchi. Dada waliniambia yuko chumba cha pili, na siku figo ilipoanza kazi, wauguzi walinionyesha mfuko wake wa mkojo. Nyie! Mkojo ule tuliushangilia kama mvua ya kwanza.

Tuliporudi Dar, muuguzi mmoja aliniambia hofu yangu ni ugonjwa, una jina, una waganga wake hospitalini. Nikaenda. Nje ya chumba cha mganga kulikuwa na benchi limejaa watu wanaongoja. Nikageuza.

Mironjo akapewa mtu mwingine. Msimu uliofuata kulikuwa na jando Nandagala, dada akaja na pikipiki kunichukua kwa lazima. Tukasimama kwenye watu, mimi kwa miguu yangu, kinyago sina, pa kujificha sina, tumbo linanikata vile vile. Tangu augue sikuwa nimemwona dada akienda zaidi ya mwendo wa kushika ukuta. Ngoma zikapamba moto, mdimu akatokeza nyuma ya nyumba, akawaona wanawake, akawajia. Mdimu akiwajia wanawake, sharti wakimbie; ndiyo desturi, ndiyo raha yenyewe. Wakapiga kelele. Nikageuka nimshike dada mkono asije akakanyagwa, na mkono haukuwepo. Alikuwa ameshakusanya kanga, yuko katikati ya vumbi, anawapita wasichana, kisigino hakigusi chini, anapiga yowe la "Mzimu! Mzimu!" mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

Alikuwa anakimbia. Nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, uso wazi, nalia kwa sauti, na watu wote wananitazama.