Mke wa Pili wa Kasanda

Tulipokuwa wadogo kule Kibaoni, Mpimbwe, chakula cha jioni hakikuliwa bure. Bibi, mama yake baba, alipakua ugali, akaweka bakuli la kisamvu cha karanga katikati ya mkeka, kisha akafunika vyote kwa ungo. Mkono uliousogelea ungo ulichapwa mwiko. "Nyie ni wa nani?" anauliza. Hapo tunaanza kutaja mmoja mmoja: baba, babu, baba wa babu aliyeitwa Kasanda, na wake zake. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kufundisha ukoo. Ya kwetu ilinukia karanga.

Kila jina lilikuwa na ubeti wake. Babu alikuwa "aliyemfukuza simba kwa kugonga sufuria", na tulipofika hapo tuligonga chochote kilichokuwa karibu. Wasichana walitaja wote mpaka mwisho. Sisi wavulana tulifika kwa mke wa kwanza wa Kasanda, ambaye ndiye tuliyetokana naye, tukaishia hapo. Mke wa pili ubeti wake ulikuwa mrefu, ugali unapoa, na tulidhani habari za mwanamke aliyeachwa ni za wasichana. Mimi nilimung'unya maneno tu, nikajificha ndani ya sauti ya dada yangu. Bibi hakudanganyika. "Wewe unatafuna majina kabla ya ugali," alisema, na watoto wote wakanicheka.

Nikasoma mpaka kidato cha nne, nikapata kazi na nyumba Mpanda mjini. Wanangu walikula wakisikiliza redio, wajukuu wanakula wakitazama simu. Sikumfundisha hata mmoja. Niliona ni mambo ya kijijini. Siku hizi kijana anakutajia wachezaji wa timu ya Ulaya pamoja na wale wa akiba, lakini muulize baba wa babu yake ni nani, atakwambia hapo mtandao unasumbua. Nacheka, ila najua nani aliyewaacha hivyo.

Ndipo mjukuu wangu Neema akamleta Deo, kijana wa Mwamkulu, mkulima wa mpunga, mpole, mcheshi. Walifahamiana kwa simu. Nikamuuliza ukoo wake.

"Babu, sisi ni wa Mwamkulu tu," akajibu. "Ila bibi anasema zamani walitoka huko Mpimbwe kwenu."

Nikashtuka kidogo. Kwetu watu wa damu moja hawaoani, hata undugu uwe wa mbali namna gani. Dada yangu alikuwa ameshafariki, na sikuwa na wa kumuuliza. Nikamwambia Neema asubiri, nikasafiri mpaka kanisa la zamani ambako wazee wetu walibatizwa. Katekista akanifungulia kitabu cha ubatizo. Kasanda nilimkuta: mtu mzima, mke mmoja, na watoto wa mke huyo. Nikachora mti wa ukoo kwenye karatasi, nikiwa nimefurahi kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Hapakuwa na tawi lolote la Mwamkulu.

"Hakuna undugu," nikamwambia Neema. Akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Siku ya posa wageni walijaa sebuleni. Mshenga wao alikuwa mtu wa maneno. "Tumeona moshi kwenu, tumekuja kuomba jiko," akasema. Shemeji yangu akamjibu, "Jiko letu halipikii watu wasiojitambulisha!" Watu wakacheka. Basi bibi yake Deo, mzee kuliko mimi, akajiweka sawa kwenye kiti, akajitambulisha kwa namna ya zamani.

"Mie ni binti wa Mathayo. Mathayo wa Nyamizi. Nyamizi aliyeondoka na jembe moja, mwana mgongoni..."

"...asigeuke nyuma, wala asilie." Maneno yalinitoka yenyewe, kwa sauti ya Bibi kabisa.

Yule mama akanitazama. Nami nikaelewa nilichokuwa nimesahau. Enzi zile mwenye wake wawili hakubatizwa mpaka abaki na mmoja. Nyamizi, yule mke wa pili, aliondolewa kabla Kasanda hajaandikwa, ndiyo maana kitabu hakimjui. Alikuwa kwenye ubeti ule tu, ule niliouruka.

Nikasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," akasema, machozi yakimtoka. Maisha yake yote alikuwa akitafuta upande wa Kasanda, na akaupata siku hiyo.

Neema alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Hakuhitaji kuelezwa. Aliiweka chini taratibu, akatoka. Wazee wakaafikiana bila ubishi; posa haikuendelea. Jioni Neema akaniuliza swali moja tu: "Babu, kumbe ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba nilifundishwa, sikujifunza.

Sisi tuliambiwa mapema nani ni ndugu zetu, tukawapenda kindugu tangu mwanzo, wala haikutuuma. Neema na Deo wameambiwa wakiwa wameshachagua sare za harusi. Neema sasa yuko Sumbawanga kwa mama yake mdogo. Deo alipita kunisalimia juzi, akaniletea mchele mpya. Alikaa ukingoni mwa kiti, hakuuliza habari za Neema, nami sikumwambia. Tulizungumza habari za mvua, mpaka maneno ya mvua yakatuishia.